Mpini wa Chenso

Jana fundi alikuja kuchomelea geti langu. Harufu ya chuma kinachoungua ilipoingia jikoni, nilizima jiko nikakaa chini.

Baba alikuwa akichomelea vyuma Mlowo, kando ya barabara kuu. Mchana mmoja, mama mmoja kutoka milimani alimletea mpini wa chenso, ule msumeno wa injini wa kukatia miti; mpini wa bomba, umevunjika katikati. Alikuwa ameufunga kwenye kitenge kama anayebeba kichanga.

"Mume wangu anautaka," alisema.

Baba aliuchomelea huku anacheka. "Mwambie asiulazimishe, mama. Chuma nacho kinachoka."

Alipoondoka, jirani yetu muuza mahindi akasogea. "Fundi, mume wa yule tumemzika mwezi uliopita. Aliangukiwa na mti."

Baba akaacha kucheka. Kwetu chombo cha marehemu huvunjwa, kikawekwa juu ya kaburi, ili asirudi kukitumia. Na yeye ndiye aliyekiunga.

Baada ya wiki, yule mama alirudi na kitenge kilekile. Mpini ulikuwa umevunjika tena, pembeni kidogo ya pale palipoungwa.

"Ameuvunja," alisema, macho chini.

Nilidhani baba atamfukuza. Badala yake aligonga lile bomba chini, udongo mwekundu, mbichi, ukamwagika miguuni pangu. Akavaa miwani yake myeusi, akachomelea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akamkabidhi yule mama mpini kwa mikono miwili.

"Mwambie," alisema taratibu, "safari hii nimeuzidishia chuma."