Miguu Mipya ya Pikipiki ya Theluji

Nilipotajiwa bei, nilidhani nimetajiwa bei ya pikipiki nzima. Nikamwomba muuzaji arudie, naye akarudia kwenye simu taratibu, bila haya, kama daktari anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Vibao viwili tu vya plastiki ngumu! Na bei yake ilikaribia mshahara wangu wa miezi miwili. Nilikata simu bila hata kuaga. Mama yangu angenisuta, maana hakunilea hivyo, lakini mtu aliyeshtuka adabu huiokota baadaye.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Barafu niliyoijua utotoni ni ya ukwaju, ile ya kufyonza kwenye kimfuko cha nailoni mpaka midomo ife ganzi. Leo hii kazi yangu ni kuendesha pikipiki ya theluji, tena Dubai, mji ambao kiangazi ukishika kitasa cha gari unapiga kelele. Theluji yenyewe iko ndani ya jumba kubwa, inatengenezwa na mitambo, na watu hulipa ili waje kuteleza na kuanguka. Wakianguka vibaya, mimi ndiye ninayepanda mlimani na pikipiki, nikivuta machela ya kuteleza nyuma yangu, nikawashushe. Pikipiki hiyo haina magurudumu. Nyuma ina mkanda mpana unaochimba theluji kama wa tingatinga, na mbele ina vibao viwili vya kuteleza, ambavyo ndivyo vinavyokata kona. Vibao hivyo sisi wafanyakazi tuliviita miguu.

Miguu yetu ilikuwa imezeeka. Theluji ikiwa laini ilikwenda vizuri tu, lakini asubuhi, ikiwa imeganda, ungegeuza usukani kushoto na mashine ikafikiri kwanza. Ikikuta mfereji ulioachwa na watu walioteleza, inaufuata huo mfereji, wewe dereva huulizwi.

Alasiri moja nilikuwa namshusha mgeni aliyeteguka goti. Pale kwenye kona, juu ya uwanja wa watoto, niligeuza usukani na mashine ikanyooka. Nikaugeuza tena kwa mwili mzima. Ikanyooka vilevile. Nilivuta breki, machela ikanisukuma kwa nyuma, tukateremka hivyo wote pamoja mpaka kwenye wavu wa kuwakinga watoto, na wavu ukatukamata. Ng'ambo ya wavu watoto walikuwa wameacha kucheza, wananitazama. Yule mgeni alifungua macho akaniuliza, "Tumefika?" Nikamjibu, "Tumefika, madam."

Nilikwenda ofisini kwa meneja, ambaye sote tulimwita sir, nikamwambia miguu imekwisha na wauzaji wa spea wanayo mizuri zaidi, mipana, yenye ukingo mrefu chini. Si ya kiwanda kilichotengeneza mashine, nikamwambia, ni ya kampuni nyingine. Sir alicheka.

"Mashine hii imefanya kazi hapa kabla yako," akasema. "Wenzako waliiendesha. Kwa nini kwako ndiyo inakataa?"

Wenzangu hao walikuwa wanaume wawili, na wote walishaugonga ule wavu, ila waliugonga bila mgonjwa nyuma na hawakusema. Sikuwataja. Nilisema tu, "Nunua, sir, utaona." Akanipa masharti yake: miguu ikija na mashine ikakataa kona tena, basi tatizo ni mimi, khalas, imekwisha, narudi kaunta ya viatu. Nilikaa kaunta ile kabla ya kupewa pikipiki. Kazi yake ni kupokea viatu ambavyo wageni wamevivua, vikiwa vingali na moto wa miguu yao. Sikutaka kurudi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha pikipiki ile, na kwetu Kisauni mama alishawatangazia majirani mpaka waliohama.

Sasa nimtaje fundi wetu. Ni mzee wa Unguja, amekaa Dubai miaka mingi, na kwa heshima sote, hata sir, tunamwita ami. Nilipomtajia bei ya miguu mipya, alikaa chini juu ya ndoo.

"Si ya kiwanda, halafu ghali kuliko ya kiwanda?" akaniuliza. "Mwanangu, mimi spea za magari nimezinunua tangu ujana wangu. Feki ndiyo rahisi, orijino ndiyo ghali. Hii dunia imepinduka lini?"

"Si feki, ami. Hawa wameiboresha."

"Wameiboresha bei."

Sikumlaumu. Pale soko la Naif, hapa Dubai, ambako wafanyabiashara wa kwetu hununua mizigo ya kupeleka nyumbani, kitu kisicho na jina la kampuni yake unakipunguza bei mpaka muuzaji aape. Lakini rahisi huvunja upishi, na mimi upishi wangu ulikuwa na mtu amelala juu ya machela.

Ami ana tabia moja ambayo kila aliyefika nyumbani kwake, mtaa wa Al Nahda, anaijua. Ijumaa moja yeye na mkewe walinialika chakula cha mchana. Kochi lao lina nailoni lililotoka nayo dukani. Nilipoinuka, gauni liliinuka nami kwa shida. Rimoti ya televisheni imefungwa nailoni. Kabatini kuna sahani za maua za wageni, na sisi tukala kwenye za plastiki, kwa sababu mimi, ami alisema, si mgeni, mimi ni mtoto wa nyumbani. Nilifurahi kuitwa mtoto wa nyumbani. Nikajiuliza tu mgeni wa sahani zile ni nani, na atakuja lini. "Kitunze kikutunze," ami hupenda kusema, na nyumba yake nzima inamwitikia.

Miguu ilifika. Ilikuwa mizuri, Mungu anisamehe, mpaka nikaipapasa kama kitambaa cha sikukuu. Mipana, myeusi, ncha zake zimepinda juu, na chini kila mguu una ukingo wa chuma kigumu wa kuuma barafu. Ami alisema nikapumzike, ataifunga mwenyewe.

Asubuhi ya majaribio, kabla ya wageni kuingia, sir alisimama chini ya kilima na koti lake refu, na wafanyakazi wamejipanga nyuma yake. Kwenye machela tulipakia magunia ya mchanga. Nikapanda juu, nikageuza, nikaanza kushuka. Na tangu mita za kwanza nilijua kuna jambo. Mashine ilikuwa inateleza kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Nilipofika kwenye kona nikageuza usukani, na haikufikiri hata kidogo safari hii, ilikwenda moja kwa moja, vibaya kuliko ile miguu mizee, vibaya kuliko siku yoyote. Wavu ulinipokea mimi na mchanga wangu.

Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni ile bei. Nimemfanya mtu anunue hii! Sir alinijia polepole, akakung'uta theluji kwenye bega langu kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Khalas," akasema. "Kesho kaunta ya viatu."

Akaondoka. Ami akaja na mtaimbo wa kuinulia, tukaigeuza mashine ubavu ili tuitoe wavuni. Hapo ndipo nilipoona chini ya miguu. Nilitazama, nikafumba macho, nikatazama tena. Nailoni ya kutoka kiwandani ilikuwa imebandikwa bado, inang'aa. Na ule ukingo wa chuma, ule ambao ndio tumelipia, ule wa kuuma barafu, ulikuwa umevalishwa mpira wa kumwagilia bustani, uliopasuliwa katikati kwa ustadi na kufungwa kwa waya mwanzo hadi mwisho.

"Ami! Nini hii?"

"Nimeihifadhi," akajibu, na wala hakuona haya. "Chuma kile kikisugua saruji ya karakana kitapoteza makali. Na leo ni majaribio tu, mwanangu. Nikasema makali yenyewe tuyaweke siku ya kazi hasa."

Nilitaka kulia na kucheka, nikaishia kupiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee. Nilimwambia ameniua, kwamba mimi si sahani, kwamba kesho nitakuwa nanusa soksi za watu kwa sababu ya mpira wa bustani. Ami alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika taratibu alipoelewa alichofanya, kisha akachutama, akatoa koleo na kuanza kukata waya na kubandua nailoni.

Nilimkimbilia sir kabla hajafika mlangoni. "Kulikuwa na vifuniko, sir, hatukuvivua. Nipe mara moja tu."

"Hatukuvivua?" Hakuamini masikio yake. Akatazama kilima, akatazama saa. "Yalla, haya. Lakini safari hii si mchanga. Kama unaiamini, weka mtu."

Niligeuka kuwatazama wenzangu, na kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama darini. Ami alikuwa ameshashusha magunia na kulala kwenye machela. Alijifunga mikanda mwenyewe, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Tulipanda. Juu kabisa nilimwambia, "Shuka, ami, nitamtafuta mwingine." Akajibu bila kufungua macho, "Yalla, twende kabla sijabadili nia."

Nikashuka. Kona ikaja, nikageuza usukani, na mashine ikageuka. Ikageuka palepale, papo hapo, kiasi kwamba mimi ndiye niliyechelewa! Nilisikia chuma kikikwaruza barafu, mfereji ukapita chini yetu na mashine haikuujali, na nilijikuta chini kwenye uwanja nimesimama, sijui nimefikaje, huku ami akiuliza kwa sauti ndogo kama bado yuko hai. Watu walipiga makofi. Nilirudia mara kadhaa ili niwe na hakika. Kwenye theluji laini na tambarare, kusema kweli, tofauti ni ndogo, na usukani umekuwa mzito, jioni mabega huuma. Lakini penye barafu na kona, na mtu nyuma, miguu hii inastahili kila dirhamu.

Sir alitabasamu. Aliipapasa miguu kama nilivyoipapasa mimi.

"Mizuri sana," akasema. "Basi tusiiharibu. Ami, rudisha ile ya zamani kwa kazi za kila siku. Hii tutaifunga wakubwa wakija kutembelea."

Sikuamini. Nilimtazama ami nikidhani atafurahi, maana sir alikuwa amezungumza lugha ya nyumbani kwake. Ami alikuwa bado anajipangusa theluji magotini.

"Ile ya zamani haipo, sir," akasema. "Nimeshaikata."

"Umeikata?"

"Vipande vipande. Haifungiki tena."

Sir akaguna, akasema basi, kazi kwenu, akaenda zake juu ofisini.

Mimi nilijua haikukatwa. Asubuhi ileile niliiona nyuma ya mlango wa karakana, imeoshwa, imepakwa mafuta, imefungwa kwa shuka kuukuu na kamba, kwa sababu ami hatupi hata parafujo iliyopinda. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwuliza kwa kunong'ona, "Ami, mbona iko pale?"

Alivaa miwani ya kazi, akaingia, akaurudisha mlango. Kisha nikasikia msumeno wa umeme ukianza kulia. Nilisimama nje na glavu zangu mkononi mpaka akamaliza mguu wa kwanza, akaanza wa pili.