Mzee alikataa kula kwangu, nikampeleka hoteli ya Kijapani hapa Kericho ili tupatane

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye baridi na majani chai.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Nacheka na nyuzi zenu, naenda zangu. Leo nimeamua kuandika yangu. Haichekeshi sana, ingawa kuna mahali mtatabasamu. Nilichobadilisha ni majina tu, mengine yote yalinipata mimi.

Iko hivi.

Mimi ni mkulima mdogo wa chai upande wa Sosiot. Nilikuwa naishi boma moja na baba yangu. Mama alishatuacha, kwa hivyo mzee alikuwa na nyumba yake pale juu karibu na zizi, na mimi na mke wangu Joan na watoto tuko chini. Chakula kinapikwa kwa Joan. Mzee anashuka kula, au anapelekewa.

Sasa niwaeleze nyinyi msiojua watu wa huku.

Mzee akikataa chakula kwako, usidhani ni habari ya tumbo. Ana neno na wewe. Hasemi, anasukuma sahani tu, na wewe ndiye unatakiwa ukae chini ufikirie umemkosea wapi. Na akifa akiwa na neno na wewe, hilo jambo litakufuata. Hata wale wanaokaa mstari wa mbele kanisani wanaliogopa.

Mimi sikuhitaji kufikiria sana. Nilikuwa nimeleta mashine.

Ni ile ya kuchuma chai, inashikwa na watu wawili, inapita juu ya majani ikinguruma. Kabla yake tulikuwa na akina mama wawili kutoka upande wa Kisii waliochuma kwetu tangu mama yangu akiwa hai. Mashine ilipofika, kazi yao ikaisha.

Ile chai mzee aliipanda kwa mkono wake. Alisimama kwenye kona ya shamba akatazama mashine ikipita, kisha akasema, "Hii kitu haioni jani. Inakata tu." Nikamweleza mambo ya gharama. Akasema, "Shamba ni yako sasa. Fanya vile unaona." Akapanda zake juu.

Haukupita muda, akaanza kukataa chakula.

Alianza na nyama. Joan alichinja kuku wa kienyeji, mzee akachukua kipande kidogo, akatafuna weee, akashushia na maji, akasema ameshiba. Halafu ikafika zamu ya ugali. Mwishowe akaacha kabisa kushuka. Nikimpelekea sahani, naikuta baadaye inalambwa na mbwa.

Ukimsihi ale anasema, "Niko na maziwa yangu."

Na kweli alikuwa na mursik yake, yale maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu. Anakunywa peke yake, mlango umefungwa. Fikiria maziwa yanapanda kwake na chakula cha mke wangu kinaenda kwa mbwa. Joan aliumia sana. Siku moja aliniambia, "Kama ni mimi simpendezi, sema tu, nirudi kwetu Kipkelion." Nikakasirika na mzee badala ya kumfariji mke wangu.

Nikamwita mdogo wake mzee, ambaye nitamwita uncle, aje na wazee wawili watupatanishe. Nikachinja mbuzi. Joan akapika chai.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu baba yangu na chai. Huyu ni mtu aliyekunywa chai ikitoka motoni. Ikiletwa haichomi, inarudi jikoni. Akiona mtu anapuliza kikombe alimcheka mbele ya watu, anamwambia hiyo ni maji ya kunawa. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, na ulimi wangu unajua.

Siku hiyo alipokea kikombe, akakishika. Wazee wakaongea. Akakishika tu. Maneno yakaenda yakarudi, na mzee hajaonja. Mwishowe akainama kando ya kiti akaimwaga yote kwenye nyasi. Nyama hakugusa.

Uncle alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniambia, "Kijana, hii imekuwa mbaya. Sasa mlishe mahali si kwako na si kwake. Mahali hakuna maneno ya shamba."

Mahali gani hapo? Huku kila hoteli ina mtu anayekujua, na kila meza inaongea bonasi ya chai.

Ndipo Joan akamkumbuka Chelangat.

Chelangat alisoma naye. Alipika miaka mingi kwenye mahoteli ya Nairobi chini ya Mjapani mmoja, akaenda pia Ulaya, kisha akarudi nyumbani akafungua hoteli yake ndogo nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya zamani iliyozungukwa na chai. Meza chache tu, na sehemu ya kuota moto ukutani. Anachanganya chakula cha Kijapani na cha kizungu kwenye sahani moja. Watu wa Kericho walimcheka. Walisema Mkipsigis, mtu wa huku kwetu, hawezi kuvaa suti aende kula samaki kidogo na majani ya baharini. Alikuwa ametualika mara nyingi twende tule bure kama wageni wake.

Nikajiambia, kama kuna mahali ambapo hakuna maneno ya shamba, ni huko.

Mzee alikubali. Nilishangaa. Akavaa koti lake kubwa na kofia, tukaenda mimi, yeye na Joan.

Tulipoketi alitazama menyu, akaigeuza, akaiweka chini.

"Hawa ni watu wa wapi?"

"Ni chakula ya Japan, Baba. Imechanganywa na ya wazungu."

Akafikiria. "Si hao ndio walitengeneza mashine yako?"

Japan ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa ile mashine, na mzee huwa anasoma kila kitu. Joan akainamisha kichwa. Mimi jasho. Nimemtoa mzee nyumbani ili asahau mashine, nimemleta kwa wenyewe!

Nikainua macho, nikakuta anacheka. Mabega yanatikisika kabisa. Tukacheka wote, na Joan akafuta macho kwa kitambaa cha mezani.

Moto ulikuwa unawaka vizuri, kwa hivyo mzee akavua koti.

Wakuu, huku sisi tunashinda ndani ya makoti. Unaweza kukaa na mtu boma moja usijue mwili wake uko aje. Shingo ya mzee ilikuwa inacheza ndani ya kola. Mshipi ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari na ncha yake imezunguka hadi mgongoni. Joan alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikajifanya sijaelewa, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba ni hasira inayommaliza.

Ikaja chai. Chai ya kijani, kwenye vikombe visivyo na mkono. Nikagusa changu. Vuguvugu!

Nikamwita weita haraka kabla mzee hajaona. Nikamwambia airudishe, huyu mzee hanywi chai iliyopoa. Chelangat akatoka jikoni mwenyewe akaeleza kwamba ile chai inanywewa hivyo, maji yakichemka sana inakuwa chungu.

Mzee akafunika kikombe kwa kiganja. "Iache," akasema.

Akanywa. Polepole, fundo kwa fundo, hadi mwisho. Akaomba kingine.

Na mimi mjinga nilikaa pale moyo ukiwa mwepesi, nikiwaza kwamba amenisamehe. Baba yangu anakunywa chai baridi mbele yangu, na mimi nashukuru Mungu.

Halafu samaki. Alikuwa amechomwa kwa siagi, na sosi ya soya juu, na wali ule wa kushikana. Mzee akachukua kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Akatafuna. Akameza. Akasimamisha uma hewani.

Macho yakajaa maji. Akaweka mkono kifuani, akainuka, akatoka nje bila koti.

Nilimfuata nikiwa na hasira, siwafichi. Nilikuwa nimepanga na maneno kabisa. Nilitaka kumwambia, Baba, leo utaniambia unataka nini kwangu.

Nilimkuta ameinama kwenye majani chai pembeni ya nyumba. Ameshika mti wa chai kwa mkono mmoja, na ule wali unarudi pamoja na mate mengi mazito.

"Haipiti," akasema.

"Nini haipiti?"

"Chakula. Inasimama hapa." Akagusa katikati ya kifua. "Ilianza kabla ya mashine yako."

"Na ukanyamaza, Baba?"

Alijipangusa mdomo kwa mkono wa shati. "Ningesema nini? Ati mzee mzima ameshindwa kumeza ugali? Halafu mkaanza kuniletea wazee na mbuzi. Nikaona ni heri mfikirie nimekasirika. Mzee akikasirika anaheshimiwa. Akiwa mgonjwa, anahurumiwa."

Nikamuuliza kuhusu ile chai aliyomwaga.

"Nilikuwa nangoja ipoe. Ikapoa. Nikaona aibu kukunywa hivyo mbele yao."

Nilisimama pale nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye ndiye alinishika mkono tukarudi ndani.

Chelangat alikuwa ameona kupitia dirishani. Samaki alishaondolewa. Akaleta kitu kingine, mayai yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya kikombe pamoja na supu na krimu, laini kabisa. Jina lake la Kijapani hadi leo linanishinda. Kwetu tunaita mayai ya kikombe.

Mzee akachota kwa kijiko kidogo. Ikapita. Akachota tena. Joan alikuwa hatazami uso wake, alikuwa anatazama koo. Mzee alikula hadi kijiko kikagonga chini ya kikombe.

Kisha akamwambia Joan, "Mama Kiprono, hii unaweza kunipikia nyumbani?"

Joan akainuka. Aliingia jikoni kwa Chelangat akiwa analia, na alipotoka alikuwa amejifunza.

Wiki hiyo hiyo tulimpeleka hospitali moja upande wa Bomet. Wakaingiza kamera kooni. Daktari, binti wa huku huku, akatuita ndani, na swali lake la kwanza kwa mzee lilikuwa kama anapenda chai moto sana. Mzee akatabasamu kidogo. Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ni chai, lakini anawaona wengi wa kutoka kwetu, na wengi wanafika hivi, wakiwa wamechelewa. Ilikuwa saratani ya koo la chakula. Hakukuwa tena na la kufanyia upasuaji. Waliweka mrija wa waya ndani ili njia ifunguke, wakatupa dawa za maumivu.

Kuna mtu atauliza kama tungewahi ingekuwaje. Sijui. Hilo swali nalala nalo.

Baada ya hapo mzee alishuka kila siku kwa miguu yake akaja kula kwetu. Joan anapika mayai ya kikombe kwenye sufuria yenye kifuniko, kwa maziwa ya ng'ombe wa mzee mwenyewe. Chai anaipooza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe, na mzee anaangalia na kunung'unika kwamba anapikiwa maji ya kunawa. Halafu anakunywa yote.

Uncle alikuja akatukuta mezani, akafurahi, akasema, "Kumbe mlipatana."

"Hatukuwa tumekosana," mzee akamjibu.

Siku moja nilimuuliza kuhusu mashine, nikitaka ukweli. Akaniambia, "Mashine yako siipendi hata leo. Lakini hiyo ni maneno ya mdomo. Si nilikuambia kwa mdomo?"

Na kweli aliniambia. Siku ile ile, kwenye kona ya shamba.

Mwishoni mrija nao ukaziba. Mayai hayakupita, baadaye hata maji. Ni kifo kibaya, wakuu, mtu analia kiu na wewe umeshika maji mkononi. Joan aliendelea kupika na kumpandishia kikombe. Mzee alikuwa anakishika tu kwa mikono yote miwili, kiko vuguvugu, hadi kinapoa. Tulimzika juu ya shamba, na siku hiyo sikuruhusu mashine iwashwe.

Somo langu ni fupi. Acheni chai ipoe. Wakikucheka, wacha wacheke, mimi siku hizi napuliza kikombe changu mbele ya wazee wa rika la Baba. La pili, sisi tunajivunia kwamba tunajua kusoma sahani ya mzee. Mimi niliisoma nikaona hasira, uncle akaona laana, Joan akaona anachukiwa. Tuliita wazee, tukachinja mbuzi, tukazunguka hadi Japani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Waliopitia haya, andikeni hapo chini, nitasoma zote. Wanaotaka kunitukana pia karibuni.

Lakini kabla ya kuandika, kama kuna mzee kwenu ambaye siku hizi anasukuma sahani, mpigie simu kwanza. Usimuulize umemkosea nini. Muulize kama chakula kinapita.