Salamu ya Kidole Kimoja

Clarrie Pfitzner alishuka kwenye treni ya Ijumaa mchana na trei mbili za mayai, mguu wa kondoo uliofungwa gazeti, na ile kofia yake pana aliyoivaa siku alipomzika mkewe. Bintiye Leanne alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa behewa, anamsubiri. Mzee akampita. Akampita hivi hivi, hatua tatu nzima.

"Baba! Unakwenda wapi?"

Clarrie akageuka, akacheka. "Nilikuwa nakupima. Nione kama bado unamjua baba yako."

Leanne naye akacheka, akapokea mayai, akabusu shavu lisilonyolewa vizuri. Mtu akikuletea kicheko kutoka safari ya kutwa nzima, huanzi kukichunguza.

Huyu Leanne alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akiendesha tramu katika mitaa ya Melbourne. Alizaliwa Mallee, kwenye mashamba ya ngano, huko ambako jirani ni mtu anayekaa kilomita sita kutoka kwako na bado mnagombana kwa sababu ya mbwa. Aliondoka na miaka kumi na tisa. Alioka mikate, aliolewa, akaachika bila kelele, mtoto hakujaaliwa, kisha siku moja akaona tangazo la kazi akaenda. Baba yake hakuwahi kuikubali kazi hiyo. Tangu lini chombo kisicho na usukani kikawa na dereva? "Reli ndiyo inayoendesha," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Wewe unasindikiza tu."

Leanne hakuwa amemwita kutembea tu. Wiki iliyotangulia, Dot Hennessy, jirani wa Mallee, alipiga simu. Dot si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo aliposema "Kaa chini kwanza, Lee," Leanne alikaa.

"Jumanne baba yako alikutana na basi la shule pale kwenye kona ya maghala. Alikuwa upande wa basi. Basi likamkwepa, likaingia vumbini, nusura lipinduke. Watoto kumi na mmoja mle ndani, na mjukuu wangu mmoja wao. Na unajua alifanya nini? Alimwinulia dereva kidole, akaenda zake."

Kidole hicho, kwa wasiokijua, ni salamu. Kule Mallee ukikutana na gari barabarani unainua kidole cha shahada juu ya usukani, mkono wenyewe huubandui. Kimoja tu. Anayempita mwenzake bila kuinua kidole ametangaza ugomvi, na habari itafika kanisani kabla yake.

"Sitaki kwenda polisi," Dot alisema. "Ni Clarrie huyu, alinizikia mume wangu. Mwite huko kwako Ijumaa ijayo, uzungumze naye. Lakini akirudi Jumatatu na funguo za gari mfukoni, Jumanne asubuhi nakwenda. Nisamehe."

Basi ndiyo maana Leanne aliomba likizo ya siku mbili, akamwambia baba yake aje aone mji. Mzee alikuwa amefika Melbourne mara nne maishani mwake, zote nne kwa hospitali, wakati mkewe Merle anaumwa. Mji wenyewe hakuwahi kuutazama. Leanne alipanga amtembeze, amlishe, amchekeshe, halafu mahali fulani pazuri amwombe funguo. Mpango mzuri kwenye karatasi.

Jumamosi walianza sokoni. Clarrie alikula maandazi ya moto yenye jemu ndani, manne, jemu ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na kila aliyepita mbele yake alipata kidole. Mama mwenye mbwa, kidole. Polisi wawili, kidole. Kijana mwenye pete puani, kidole, na "Hujambo, bwana mdogo" juu yake. Wengine waliitikia. Bibi mmoja alikumbatia mkoba wake akaongeza mwendo.

"Baba, huku hatusalimii kila mtu."

"Sasa mnafanya nini kutwa nzima?"

"Tunapita tu."

"Mama yangu wee," akasema Clarrie. "Milioni tano za watu, na wote wanapita tu."

Leanne alicheka lakini aliona haya, tusidanganyane. Alivuta mkono wa baba yake kama mtu anayemvuta mtoto mbele ya duka la peremende. Wakapanda lile jengo refu lenye ghorofa zaidi ya themanini. Juu kabisa, watu walibandika nyuso kwenye vioo wakionyeshana bahari, uwanja wa mpira, reli. Clarrie alisimama wima, mikono nyuma. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana." Mbele ya pua yake palikuwa na nguzo ya zege. Leanne akadhani mzee anaogopa kimo, akamsogeza kidogo. Kwenye mgahawa akampa orodha ya vyakula, Clarrie akamrudishia. "Nisomee wewe. Muda mrefu sijasikia sauti yako bila simu."

Lo, maneno matamu hayo! Leanne akasoma orodha yote, mpaka bei za soda. Ndivyo mapenzi yanavyomfumba mtu macho, na hapo ni yeye aliyekuwa na macho mazima.

Wakashuka na barabara kubwa. Kwenye pembe moja ya njia panda kuna wanaume watatu wa shaba wamesimama njiani, wembamba kama fito, na mikoba yao mikononi. Wamewekwa pale miaka mingi. Sisi tunawapita bila kuwaona, watoto wanawaning'inia, njiwa wanafanya wafanyavyo. Clarrie akawafikia, akapunguza mwendo, akainua kidole.

"Habari za mchana, wakubwa."

Leanne akaangua kicheko, akashika tumbo. "Baba na vituko vyako! Utaniua!"

Clarrie hakucheka. Alikuwa bado amewaelekea, anangoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeumia kweli, "Watu wazima watatu. Hata mmoja ashindwe kunijibu?"

Kicheko kikamfia Leanne mdomoni.

"Baba," akasema. "Hao ni sanamu."

Mzee alinyoosha mkono polepole, akapapasa mkono wa koti la shaba, akapapasa mpaka begani, mpaka usoni. Halafu akavua kofia yake, akabaki ameishika, na watu wakaendelea kupita kushoto na kulia.

Walikwenda kukaa kwenye benchi kando ya mto. Leanne alinunua chai mbili na hakuna aliyekunywa.

"Tangu lini?"

"Mwaka. Na nusu yake." Clarrie alikuwa anaizungusha kofia kwenye magoti. "Katikati kuna doa. Pembeni naona, vizuri tu, naweza kukwambia pale kuna mashua. Lakini nikimtazama mtu, uso haupo."

"Kwa hiyo jana stesheni..."

"Nilikujua uliponiita."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Clarrie alikuwa ameumbuliwa na shaba, na sijui lipi ni baya zaidi kwa mwanamume wa Mallee.

"Na kidole? Unamwinulia kila mtu..."

"Kwa sababu simjui ni nani, Lee! Nisipoinua, halafu kumbe ni Dot? Kumbe ni mchungaji? Nakiinulia kila kitu. Mwezi uliopita nimelisalimia trekta limeegeshwa. Nilijua baadaye."

Mtu mwingine angecheka hapo. Leanne alitaka kucheka, akajikuta analia. Na katika kulia huko akaona kwamba pahali pazuri pa kuomba funguo hapatakuwapo, na kwamba akinyamaza sasa atakuwa mwoga. Akamwambia yote. Kona ya maghala. Basi. Watoto kumi na mmoja. Mjukuu wa Dot.

"Ulimwinulia dereva kidole, Baba, ukiwa upande wake wa barabara."

Hasira ikamjia Clarrie, kama inavyokuja kwa mtu aliyekosa pa kujificha.

"Kwa hiyo hukuniita kutembea. Umeniita uninyang'anye."

"Nimekuita kwa yote mawili."

"Unajua duka liko wapi kutoka kwangu? Kilomita thelathini na nane. Nitakwenda na nini, na punda?"

"Ungekaa kwangu."

"Nifanye nini kwako? Nipite tu?" Akaipigapiga kofia kwenye goti. "Sikiliza, mwanangu. Tangu mama yako aende, kuna siku sisikii sauti ya mtu. Naendesha mpaka posta na kurudi. Njiani nakutana na magari manne, labda matano. Vidole vinne. Watu ninaoishi nao ndio hao. Ukichukua gari, ninabaki na nani? Na kuku?"

Leanne alikuwa akimpigia simu kila Jumapili, dakika kumi, hali ya hewa na bei ya ngano, akaona ametimiza wajibu. Aibu ikamshika, ikamshika sawasawa, na hakujitetea. Funguo hakuziomba.

Jumapili Clarrie alichoma ule mguu wa kondoo. Ulikuwa mtamu, na walikula kama watu walio kwenye chumba cha daktari. Baada ya kula mzee akaosha vyombo, akavisugua mara mbili mbili, na funguo zikawa zinalia mfukoni mwake kila alipoinama.

Jumatatu treni yake ilikuwa ya saa nane mchana. Leanne alitakiwa kazini asubuhi, likizo imekwisha. Alikuwa anafunga viatu jikoni, anafikiria ampigie Dot amwambie nini, Clarrie alipotokea amevaa kofia.

"Nataka kupanda hicho chombo chako kisicho na usukani."

Akamkalisha kiti cha mbele, nyuma yake, penye kioo. Kwenye mwendo abiria haruhusiwi kuzungumza na dereva, na Leanne hajavunja sheria hiyo miaka ishirini na miwili. Walitoka katikati ya mji, wakapanda barabara ndefu ya kaskazini, maduka ya vitambaa, maduka ya mikate ya Kilebanoni, shule, makaburi. Mzee aligeuza kichwa upande kama anatazama dirishani. Leanne akadhani amenuna.

Mwisho wa njia abiria walishuka wote. Leanne alizima, akatoka kwenye chumba chake na chupa ya chai. Walikuwa na dakika saba kabla ya kuanza kurudi.

"Nani wale uliokuwa unawasalimia?" akauliza Clarrie.

"Nani?"

"Tramu zinazokuja. Nimehesabu tisa. Nikitazama pembeni naona mkono wako. Kila ikija moja, unainua."

Leanne akashangaa. Kweli, madereva wa tramu husalimiana, ni jambo la kila siku, nani analifikiria? "Madereva wenzangu tu."

"Unawajua wote?"

"Wengine sijawahi kuongea nao hata siku moja."

"Na wanajibu?"

"Wote. Asiyejibu ana lake."

Clarrie akachukua kikombe, akanywa. "Wao wanainua mkono mzima?"

"Mkono mzima, wengi wao."

"Wewe unainua kidole. Cha shahada. Kiganja hukibandui."

Leanne akautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Hapo akawa tena na miaka kumi na miwili, amekalia mto ili aone mbele, gari bovu la shamba linaruka kwenye mashimo, na baba yake kando anapiga kelele: kidole, Lee, kidole, yule ni mzee Schulz! "Si ndivyo nilivyofundishwa," akasema.

Mzee akaingiza mkono mfukoni. Funguo zilikuwa tatu kwenye kipande cha ngozi ya kondoo. Akazishika kidogo, akaziweka kwenye kiganja cha bintiye, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Mwambie Dot aje na gari lake anipokee stesheni. Nina jambo la kumwambia uso kwa uso, hata kama uso wake siuoni. Halafu nipe mpaka mavuno. Niwagawe kuku, mbwa nimpe yeye, nifunge nyumba. Nikija huku nitapanda hii kila siku, usije ukaniambia nilipe."

"Wazee hawalipi Jumapili."

"Jumapili tu? Wezi wakubwa."

Leanne alicheka huku pua inamvuja. Muda ukafika. Dereva wa tramu akifika mwisho wa njia hageuzi chombo, anahamia kichwa cha upande wa pili, na Leanne akamshika baba yake mkono wakavuka behewa zima, akamkalisha tena mbele, nyuma ya kioo.

"Sasa sikiliza," akamwambia. "Kule mbele siruhusiwi kusema, lakini kengele ni yangu. Nikigonga ya kwanza, ujue mwenzetu anakuja. Inua."

"Na nitajuaje kama kajibu?"

"Nitagonga ya pili."

Wakaondoka. Walipita vituo viwili, abiria wakapanda, mwanamke mwenye mtoto akakaa jirani na mzee. Mbele kabisa tramu ikatokea, inashuka taratibu. Dereva wake alikuwa Harjit, mtu wa kilemba cha bluu, mwenye ndevu nzuri, ambaye Leanne amemsalimia miaka sita bila kujua anakaa wapi.

Kengele ikalia. Clarrie Pfitzner akanyoosha mgongo, akainua kidole kimoja kuelekea kwenye doa lililoko katikati ya macho yake, akakiacha juu, akangoja.

Harjit aliona vidole viwili pale alipozoea kuona kimoja. Akainua mkono kwa Leanne, kisha akauinua tena.

Kengele ikalia mara ya pili.