Mwalimu Alipofunga Kitabu Kinene

Juzi binti yangu alinikalisha sebuleni hapa Moshi, simu mkononi. Yeye na wenzake wanataka kucheza ile michezo ya kubuni ya mezani, ambayo kila mtu anakuwa shujaa na mmoja anaongoza hadithi. Kiongozi ni yeye. "Mama, iko mingi. Nichague upi usionisumbua kuongoza?"

Nilicheka, maana akili ilishakwenda Machame, barazani kwa bibi, masika yale dada yangu alipofunguliwa plasta.

Dada alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika mguu. Daktari alisema mfupa umeunga, sasa atembee. Akakataa. Alishinda kwenye kiti cha bibi, blanketi magotini, mvua ikipiga bati, harufu ya mtori wa ndizi ikitoka jikoni na ng'ombe wakilia zizini wakidai majani. Majani hayo nilikata mimi, na dada nilimwonea hasira na huruma kwa pamoja. Bibi alimbembeleza, akamkaripia, akamwombea. Wapi!

Jirani yetu, mwalimu wa sekondari, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na sanduku la mchezo. Akaja nalo kumchangamsha mgonjwa. Ndani mlikuwa na dadu za kila umbo na kitabu kinene kama Biblia ya kanisani. Alikipenda kile kitabu, ungeona alivyokifungua! Lakini jioni ya kwanza ilikwisha tukijumlisha nguvu za mashujaa wetu, na ya pili vilevile. Dada akaanza kusinzia. Bibi, aliyekuwa pembeni akimenya ndizi, akauliza kwa upole:

"Mwalimu, samahani baba. Hadithi yenyewe inaanza lini?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akafunga kitabu.

"Tuchukue dadu moja tu," akasema. "Sema unachofanya. Pakiwa na hatari, rusha. Ikija namba kubwa, umefanikiwa. Ikija ndogo, unapata unachotaka, lakini kuna kitu kitakuharibikia."

Basi. Kanuni zote ndizo hizo.

Tangu hapo, kila jioni ya mvua tuliishi kwenye ufalme wake wa mawinguni, ambako joka alikuwa amelala ndani ya mfereji akiziba maji, na mashamba yalikuwa yanakauka. Dada alikuwa mwindaji. Siku alipojitosa kumvuta joka mkia, alirusha dadu kwa nguvu, ikabiringika hadi mlangoni pa jikoni.

"Ngapi? Ngapi?" alipiga kelele. Alikuwa ameshainuka, blanketi limeanguka, anaifuata huku akichechemea. Akainama. "Sita!"

Bibi aliweka kisu chini, akaziba mdomo kwa khanga. Mwalimu akatuashiria tunyamaze, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

"Joka ameamka. Unafanyaje, mwindaji?"

"Nakimbia!"

Nilimwambia binti yangu achukue mchezo ambao kanuni zake atazikumbuka bila kufungua kitabu, ili apate nafasi ya kuwatazama wenzake usoni.

Nyumba ile ilishabomolewa. Kahawa iling'olewa, bibi amezikwa kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba yake, na mwalimu alihamia mbali. Popote alipo, Mungu ambariki. Dada analima mpunga Mabogini, na ukimtembelea utachoka kumfuata kwenye majaruba. Majuzi nilimuuliza ni mguu upi uliovunjika. Alisimama kwenye tope, akaitazama yote miwili, akasema hakumbuki.