Mzimu Wangu Kwenye Maombi ya Adhuhuri

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao fulani mtaa wa Auburn, huku ughaibuni, na hiyo niliitangaza kwa yeyote aliyeuliza. Ya pili ilikuwa kuandika hadithi za mizimu ambamo wanawake wanapendana. Hiyo hakuna aliyeuliza, nami nilishukuru.

Nilikuwa na kundi la waandishi. Tulikuwa wanane, wote watu wanaopenda wa jinsia yao, na wote tukiandika vitu visivyokuwepo: mazimwi, vyombo vya angani, wachawi wanaofanya kazi za ofisini. Kabla ya kufungiwa tulikuwa tukikutana kwenye chumba cha maktaba huko mjini. Sasa tulikutana kwenye kioo cha kompyuta kila Jumamosi alasiri, kila mtu ndani ya kisanduku chake. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni mzee mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, ambaye riwaya yake ilihusu wanaume wawili wanaogeuka mbwamwitu na wanaomiliki duka la mikate milimani. Alikuwa na kalenda ya mwezi ukutani, na ukimwandikia mwezi mpevu katika wiki isiyo yake, alikusahihisha mbele ya watu.

Kundi lilikuwa na sheria mbili. Wapenzi hawafi mwishoni, kwa sababu katika vitabu vya wengine watu kama sisi tulikuwa tumekwisha kufa vya kutosha. Na kila ukurasa lazima usomwe kwa sauti chumbani kwako kabla ya kuutuma.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza. Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza ripoti za wazee: ameoga, amekula nusu, amekataa dawa. Nilipojaribu kuandikia mapenzi yalitoka vivyo hivyo. Kwa hiyo niliandika kwanza kwa Kiswahili, nikakisoma kwa sauti mpaka kikae sawa, ndipo nikatafsiri.

Nilikuwa nimepanga chumba Guildford kwa mama mmoja Mkongomani, mjane kutoka Bukavu, aliyekuwa akipakia maboksi kwenye ghala. Watoto wake walikuwa Melbourne na walimjibu kwa Kiingereza, basi Kiswahili chake chote alinimalizia mimi. Nilimwita Mama kama kila mtu alivyomwita. Katika miaka miwili alikuwa ameniuliza swali moja tu, kama nimekula. Hakujua habari zangu, na nilikusudia asijue kamwe. Mama yangu mzazi, kule Nakuru, aliacha kupokea simu zangu siku nilipomwambia ukweli, na ilikuwa yapata miaka sita. Nilikuwa nimepoteza nyumba moja kwa kusema. Hii ya Guildford sikuwa tayari kuipoteza.

Hadithi niliyokuwa naandika ilihusu wanawake wawili katika fleti ndogo. Mama wa mmoja wao amekufa, na mzimu wake umehamia humo. Haupigi kelele, hauvunji vyombo. Kila wanawake wale wanapolala, mzimu unavuta blanketi.

Mwezi wa nane kukapatikana mgonjwa ghalani, na Mama akaambiwa akae nyumbani siku kumi na nne. Ukuta kati ya chumba changu na jiko lake ulikuwa mbao nyembamba iliyopakwa rangi. Mimi niliendelea kusoma kurasa zangu kwa sauti, kama sheria ilivyotaka.

Kila siku, serikali ikishamaliza kutangaza idadi ya wagonjwa kwenye televisheni, Mama alizima televisheni na kufungua simu ya maombi. Wanawake kumi na mmoja, Wakongomani wengi na Wakenya wachache, wakiomba kila mmoja kutoka jikoni kwake. Wawili kati yao walikuwa zamu moja nami kazini. Siku hiyo nilikuwa napumzika, nikaja kuchemsha chai, Mama akanionyesha kiti. Nikakaa kwa adabu.

"Tuombee dada moya, jina hatutaji," akasema. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa mambo mazito. Mtu alifunikwa kwa kuitwa dada mmoja. "Mama yake alikufa, na mzimu wake iko inamufuata mu nyumba. Inavuta blanketi. Ule dada na bwana yake hawalali."

Nilikaa na kikombe mkononi. Ilikuwa sura yangu ya tatu, tena imeboreshwa kidogo mwanzoni. Kitu pekee kilichokuwa kigeni ni huyo bwana.

Wakaomba kwa bidii. Kisha dada mmoja, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la nyama baridi huko Blacktown, akauliza, "Ile blanketi, inavutwa upande wa mtoto ama upande wa yule mwingine?"

Hakuna mtu katika kundi langu la waandishi aliyewahi kuuliza hivyo, na lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyopata mwaka ule. Nikarudi chumbani nikaandika upya. Mzimu sasa ulimvua blanketi yule mpenzi, ukamfunika nalo binti yake mara mbili. Jumamosi ile dereva wa basi alivua miwani, akasema hatimaye nimeanza kuandika. Nilimshukuru. Sikusema shukrani nyingine ziende Blacktown.

Nakiri nilinogewa. Kwa wiki nzima nilibadilisha zamu zangu ili niwe nyumbani saa ya maombi. Nilisoma sura asubuhi, Mama akaipeleka kwenye simu adhuhuri, na wanawake wale wakanionyesha mahali pasipoeleweka. Waandishi wanane upande mmoja, waombaji kumi na mmoja upande mwingine, na hakuna upande uliojua kuna mwingine. Kila mara bwana yule alikuwepo, nami nikadhani Mama hakusikia vizuri, nikaona heri.

Halafu wakatangaza kufunga siku tatu.

Siku ya pili ya funga yule dada wa nyama baridi alishikwa na kizunguzungu kazini, akakalishwa kwenye boksi na msimamizi wake. Alilisimulia hilo kwenye simu kwa furaha, kama ushahidi kwamba vita ni vikali. Mimi niliona aibu iliyonishika mpaka masikioni. Mtu mzima, mwenye watoto, alikuwa anakaa na njaa kwa ajili ya watu niliowatunga nikiwa nimevaa pajama.

Simu ilipokatwa nilibaki jikoni. Mama alikuwa anakata vitunguu.

"Mama, yule dada mnayemwombea hayuko."

"Hayuko namna gani?"

"Ni story. Mimi ndiye naiandika. Huwa naisoma kwa sauti kule ndani, ukanisikia."

Kisu hakikusimama. "Najua," akasema. "Mutu mwenye kuzungumza mu simu hawezi sema 'sura ya nne'."

"Na bado mnafunga?"

"Ule mwenye kuandika, yeye iko. Ni yeye njo naombea."

Nikauliza lile lililokuwa linanikera tangu mwanzo. "Na huyo bwana alitoka wapi? Mimi sikuandika bwana."

"Najua pia. Ni wanamuke wawili, nilisikia tangu siku ya kwanza." Akasukuma vitunguu kando ya ubao. "Ningewaambia vile, wangeombea kitu ingine."

Niliegemea friji. Kwa wiki nzima nilikuwa najificha kwa mtu ambaye alikuwa ananificha.

"Nihame?" nikauliza.

"Uhamie wapi? Serikali ilisema mutu asipite kilomita tano." Hakutabasamu. "Lakini iko kitu moya sielewi. Mama yako iko muzima. Juzi nilisikia unauliza mama mudogo yako kama amepata chanjo. Juu ya nini mu kitabu umemuua?"

Nilikuwa na jibu la swali hilo. Nilikuwa nimewapa waandishi, lenye maneno ya mila na historia, nao walilipenda. Mbele ya vitunguu vile halikutoka.

"Akiwa mzimu anakuja nyumbani," nikasema. "Akiwa mzima hashiki simu."

Mama akaweka kisu chini. Akajifuta mikono.

"Kesho tutaombea ile," akasema. "Nikutaje ao nikufunike?"

Siku iliyofuata niliamka nikiwa na nia ya kufunikwa. Nilifikiria wale wawili wa zamu yangu, na jinsi tunavyomgeuza mzee kitandani pamoja, mmoja huku, mmoja kule, tukiongea habari za nyumbani. Nilifikiria meza ya chai kazini bila mazungumzo hayo. Nikawafikiria na wapenzi wangu wa kwenye karatasi, ambao nilikuwa nawaandikia ujasiri kila wiki bila kuutumia hata kidogo. Televisheni ilipozimwa nikamwambia Mama, "Nitaje."

Akafungua simu, akaiweka katikati ya meza.

"Dada zangu, ile funga tuimalize, mukule. Ule mzimu ilikuwa ya kitabu. Lakini iko mutoto yangu wa hapa nyumbani, munamujua, ule Mukenya wa wazee. Anapenda mwanamuke mwenzake. Mama yake alimukatia simu, sasa ni miaka sita. Siombi mumuhukumu. Naomba ule mama ashike simu."

Simu ikaanza kutoa ule mlio mdogo wa mtu kutoka. Mmoja. Mwingine. Wawili kwa mpigo. Nilitazama namba kwenye kioo ikishuka kutoka kumi na moja, na kila ilipobadilika nilitaka kuinuka, lakini Mama alikuwa amenishika mkono juu ya meza. Iligota kwenye sita. Mmoja wa wenzangu wa kazini alibaki. Mwingine hapana.

"Kwa hiyo nilifunga kwa ajili ya kitabu," akasema yule dada wa nyama baridi.

"Ndiyo," nikasema. "Nisamehe, dada."

"Kinaishaje?"

"Bado sijui."

Mama akahesabu kwa kidole kwenye kioo. "Sita wanatosha," akasema, kisha akanigeukia. "Jina ya mama yako ni nani?"

Nilikuwa sijalitamka kwa miaka sita. Hata kwa mama mdogo nilikuwa nauliza, "Yeye yuko aje?" Nikalitaja, majina yote matatu, na la mwisho ikabidi nilirudie. Wakaanza kuomba wote kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa sauti yake, na jina la mama yangu likawa linatoka kwenye ile simu, Blacktown, Auburn, Guildford, wakilikosea matamshi na kulirudia, na mimi nikilia waziwazi nikisema amina kila nilipolisikia.