Nilisema Redioni Shimo Linakimbia

Jamani, nimekosa! Nimekosa kwa mdomo wangu mwenyewe, tena hewani, Mpanda nzima ikisikia. Jina silitaji, aibu niliyonayo inatosha.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Mdogo wangu wa kike amesoma fizikia chuo kikuu, akapata nafasi ya kwenda nje kusomea mashimo meusi ya angani, hasa yale yanayozidi kuongeza mwendo. Kilichobaki ni ruhusa ya baba, na baba yetu, mfugaji wa kule Usevya, anaamini redio kuliko anavyotuamini sisi wanawe. Ndiyo maana nikamwalika mdogo wangu studio, baba amsikie.

Kabla hatujaanza alinishika mkono.

"Kaka, nakuomba, neno shimo niachie mimi nilieleze. Huku kwetu mtu akisikia shimo anawaza dhahabu. Hili siyo tundu. Ni kitu kizito mno, hata mwanga ukiingia hautoki. Sasa kikivutwa na uzi mwembamba wa nishati, kinakwenda kinaongeza kasi."

"Usijali, mdogo wangu," nikamwambia. Mwongo mkubwa mimi!

Tulipoingia hewani, shetani wa kuchekesha akanipanda.

"Wasikilizaji, dada huyu anasema shimo linakimbia! Wachimbaji, fungeni mashimo yenu kamba yasije yakatoroka!"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Alipojaribu kueleza, nikaweka muziki. Loo!

Kesho yake wachimbaji wawili wakabisha hodi kwangu Kawajense, alikofikia mdogo wangu.

"Tunamtafuta yule dada wa kuhamisha mashimo. La kwetu dhahabu imepotea. Alivute kidogo tu, upande wa jirani."

Walitaka dawa! Mdogo wangu akajifungia chumbani akalia. Na mimi, mjinga, nikacheka tena.

Jioni baba akapiga simu. "Mi nimemsomesha aje kuwa mganga wa mashimo? Hasafiri!"

Nikapanda pikipiki mpaka Usevya, vumbi hadi kwenye meno. Nikamweleza baba ule uzito, nikamweleza uzi, nikamfunga hata ndama kamba nikamvuta ili aelewe. Ndama akagoma! Baba akamfungua kamba.

"Si we mwenyewe ndo ulicheka? Ungekuwa unaamini, ungecheka?"

Nikawasha pikipiki nikarudi mjini.

Nafasi wamempa mtu mwingine. Mdogo wangu bado yuko kwangu. Ananisalimia vizuri, ananipikia, lakini nikimuuliza habari za masomo yake anasema, "Hayo ni ya redioni, kaka," anaendelea kuosha vyombo. Inaniuma! Namkasirikia baba, nawakasirikia wachimbaji, halafu nakumbuka nani alishika maikrofoni.

Nyie mnaopenda kuchangamsha watu, mtu akikuomba umwachie neno lake alieleze, mwachie! Wazee walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umekiponza kichwa cha mdogo wangu, tena chenye akili kuliko changu.