Kijiti cha Oili Kilichotoka Kikavu

Siku ya kwanza ya kazi ya bodaboda nilifika kwa bosi, hapa Kilosa, jua likichomoza. Bosi, yaani mwenye pikipiki, alikuwa nesi mstaafu. Pikipiki aliinunua kwa kiinua mgongo chake, na hakuwa na nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Chanzuru? Unaongea kidogo. Afadhali, aliyepita alikuwa anaongea hadi na abiria waliosinzia. Leo kabla hujaenda kokote, mwaga oili. Vitu vyote vipo stoo. Mimi naenda msibani."

Nilifungua nati iliyo chini ya injini, oili nyeusi ikashuka kwenye dumu lililokatwa. Nikangoja tone la mwisho, nikafunga. Niliambiwa nimwage, nimemwaga. Sikujua kwamba wenye kazi wakisema kumwaga oili wanamaanisha kutoa ya zamani na kuweka mpya. Mimi nilijifunza kuendesha tu, na kuuliza kulinitia aibu kuliko kukosea.

Kisha nikapima. Kijiti cha kupimia kimeungana na kifuniko kilicho ubavuni mwa injini. Nilikichomoa, kikatoka kikavu, kinang'aa. Nikafurahi. Nilidhani injini sasa ni safi.

Nilipokaribia kijiweni injini ilianza kulia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Mwenyekiti wa kijiwe akainua mkono.

"Zima, dogo. Zima hapo hapo."

Fundi wa jirani akaja akainama. "Umemwaga oili lini?"

"Leo asubuhi."

"Ukaweka kiasi gani?"

Nikashuka kwenye pikipiki.

"Sikuambiwa kuweka."

Kijiwe kizima kikacheka. "Huyu akitumwa kuvua samaki," mmoja akasema, "atawavua nguo."

Fundi hakucheka. Aliweka oili mpya, akawasha, akasikiliza. Kokoto zilipungua. "Inaweza kupona, inaweza isipone," akasema. "Ila kwa Mama Nesi unaenda wewe mwenyewe."

Njiani nilifikiria kuiacha pikipiki uani na kurudi zangu Chanzuru. Nilimkuta ametoka msibani, anavua viatu.

"Mama, nilimwaga oili, nikaendesha bila kuweka mpya."

Aliacha kuvua, kiatu kimoja mkononi.

"Nani amekutuma uje kusema?"

"Fundi, mama. Ila nilitaka kukimbia."

"Kosa lina sehemu yangu," akasema. "Wodini sikuwahi kusema 'mpe dawa' nikaondoka. Nilitaja ipi, kiasi gani, saa ngapi, na nikaangalia inamezwa. Washa nisikie."

Niliwasha. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Inapumua. Kesho asubuhi utapima mbele yangu, na kila hatua uitaje kwa sauti."

"Kwa sauti, mama?"

"Nami nikusikie nikiwa jikoni."

Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kufukuzwa. Lakini nilisema, kila asubuhi, kwa miaka mitano. Pikipiki iwe mahali tambarare, isimame wima kwa stendi ya kati, maana ikiegemea stendi ya pembeni kipimo kinadanganya. Injini iungurume dakika chache, izimwe, oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kikavu, kirudishe bila kukizungusha, kichomoe tena. Oili ionekane kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo; ikizidi alama ya juu nayo ni hasara.

Baadaye nilihamia Mikumi. Bosi wa huko, mpishi wa nyumba ya wageni, aliwahi kuniuliza, "Kijana, kila asubuhi unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na injini. Akasema basi niisalimie. Kule barabara ni ndefu na mwendo ni mkali, oili hupungua haraka, na mazoea yale yaliniokoa mara nyingi.

Mwaka huu mgongo umekataa, nimerudi shambani. Nina miaka ishirini na tisa, na kijiweni wananiita mzee mstaafu. Wageni wa kazi huniuliza jinsi ya kupima oili, nami nasitasita kusema mbele ya wengi, ndiyo maana nimeandika. Atakayeambiwa neno asilolielewa aulize, hata kama kijiwe kitacheka.

Ile pikipiki ya Mama Nesi bado inatembea. Juzi ilinipita kwenye njia ya Dumila, imebeba magunia mawili ya mahindi. Niliweka jembe chini nikausikiliza mlio wake mpaka ukaisha.